Bilali Aliyeacha Kunywa Maji

Kosa ambalo Bilali Ibnu Sakdan hakuwa amewahi kulikiri mbele ya watu ni hili: mwaka mmoja wa mvua nyingi alimwondoa Banta, muuza matunda ya durian, katika safu ya mbele ya meunasah, msikiti mdogo wa kijiji chao, kwa sababu kikoi chake kilinuka mkojo. Alisema kwa upole, lakini alisema watu wakisikia. Banta akaokota kandambili zake, na tangu siku hiyo akawa anaswali kijiji cha pili. Sasa Mwenyezi Mungu, ambaye hasahau, alikuwa amemwekea Bilali mzani uleule. Mwezi uliopita alichomwa tezi dume kwa miale ya leza hospitali ya mjini, na tangu mpira wa kupitishia mkojo utolewe, mkojo ulimjia bila hodi, ukiunguza kama pilipili, mwingine ukidondoka kabla hajaufikia mlango wa choo. Leo ilikuwa siku yake ya kurudi kuadhini Alasiri. Alikaa kwenye benchi mbele ya duka la kahawa, meunasah ng'ambo ya barabara, na kikombe chake hakukigusa. Tangu jana hakutia maji mdomoni, ili udhu usimponyoke. Tangu alfajiri haja ndogo ilikuwa imegoma kabisa, na chini ya kitovu palikaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Hilo hakumwambia mtu.

— Bilali, umepauka, alisema Razali, ambaye kwa kuwa anachaji betri za magari wote humwita Razali Betri. Mimi nilikuonya. Leza ni umeme, na umeme ukishaingia mwilini hautoki hivihivi.

— Daktari alisema ni mwanga tu.

— Na mwanga unatoka wapi, kwa nyanya yako? Betri ikipasuka ganda inavuja. Wewe unavuja. Ukiongeza maji unaongeza kuvuja. Hata mtoto wa chekechea anaijua hiyo.

Apa Pinang, mzee wa benchi, alitema mate mekundu ya tambuu pembeni ya mguu wake. Bilali akageuza uso. Wekundu ule alikuwa ameuona juzi, chooni.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Apa Pinang. Maana yake, usiyanywe.

— Apa, maana yake siyo hiyo, alisema Razali.

— Mkubwa hapa nani, mimi au wewe?

— Wewe, Apa.

— Basi ndiyo maana yake. Shemeji wa binamu yangu kule Bireuen alifanyiwa hiyohiyo. Umeme wa kijiji ukikatika, yeye akienda chooni hahitaji taa.

— Acha fiksi, Apa.

— Mkewe ndiye aliyesimulia. Anasema jamaa anasoma gazeti humo mpaka analimaliza.

Bilali alicheka kwa kuwa wenzake walicheka, na kicheko kikamchoma chini ya kitovu hata akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

— Hayo madogo, alisema Razali. Mwanga hupanda. Ukikaa sana unafika kooni. Nimesikia muadhini mmoja alisogelea kipaza sauti, kikaanza kulia chenyewe kabla hajafungua mdomo.

— Basi asikiguse chetu, alisema Apa Pinang. Tulichangishana kijiji kizima.

— Na asipite chini ya zile nyaya kubwa. Zitamvuta.

— Mimi namwonea huruma mkewe. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini siyo kwenye godoro.

Wakacheka mpaka Razali akapaliwa na kahawa. Bilali hakucheka tena. Alijiona amesimama mbele, watu wakipumua nyuma yake, halafu mmoja anakunja pua, halafu sauti ya upole kama ya kwake inamwomba arudi nyuma. Akasoma Astaghfirullah kimoyomoyo. Jasho lilimtoka, na kivulini palikuwa na baridi.

Harufu ya durian iliwafikia kabla ya mwenye nazo. Pikipiki yenye kigari cha mizigo ubavuni ikasimama, akashuka Banta. Tangu aokote kandambili zake hakuwahi kukaa benchi lile, wala leo hakukaa.

— Assalamu alaikum. Bilali, pole. Nimesikia walikukata.

— Hawakukata, walichoma, alisema Razali. Tuko hapa tunamshauri.

Banta alitazama kikombe kilichojaa, kisha midomo ya Bilali iliyokauka mpaka ikapasuka.

— Bilali, umekojoa lini?

Razali akamtazama Apa Pinang. Apa Pinang akatazama paa. Mchana kutwa walikuwa wameuzungumza mkojo wa mwenzao, na hilo moja hakuna aliyelijua.

— Tangu alfajiri halijatoka hata tone, alisema Bilali, taratibu. Na chini panauma, Banta. Panauma sana.

— Hospitali walikwambiaje kuhusu maji?

— Walisema ninywe, tena mengi. Niliogopa ile safu. Niliogopa watanifanyia nilivyokufanyia wewe.

Banta alipangusa viganja kwenye kikoi chake.

— Hata mimi niliacha kunywa, mwaka ule. Nilianguka sokoni, wakanibeba.

Razali alinyanyuka haraka na bilauri ya maji. Banta akamzuia.

— Umechelewa. Kibofu kimejaa, hakina pa kutolea. Sasa hivi ni daktari tu. Panda nikupeleke.

— Nitakulowanishia kigari, alisema Bilali.

— Kimejaa durian. Nani atanusa?

Hakuna aliyecheka. Alasiri ilikuwa imeingia. Apa Pinang alitema tambuu, akasukutua kinywa kwa ile bilauri ya Razali, akavuka barabara kwenda kuadhini kwa sauti yake mbovu. Razali alihamisha durian upande mmoja, miiba ikimchoma, akakunja jaketi lake na kulitandika pale palipobaki wazi.

Bilali alijaribu kusimama, akashindwa. Akanyoosha mkono.

— Banta, nisamehe, na unishike nipande. Kwenye matuta pita polepole.