Keziah Bosibori Ombati, Aliyefika Kyoto kwa Miguu

Mama Keziah Bosibori Ombati alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Nyamira, Kenya, mtoto wa kwanza wa marehemu Mwalimu Harrison Nyang'au na marehemu mama Bernardine. Mimi Eliakim, ninayewasomea, ni kitindamimba wao, kwa hiyo mambo ya mwanzo nayasema kama nilivyosimuliwa.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akaingia chuo cha uuguzi mjini Kisii na kuhitimu mwaka 1979. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Jotham Ombati, wakajaliwa watoto wawili, Bravin na Moraa.

Familia ilihamia Minnesota mwaka 1998, naye akawa muuguzi katika nyumba ya wazee Plymouth. Huko alimtunza bibi mmoja Mjapani, mzaliwa wa Magome. Magome ni mji mdogo kwenye Nakasendo, barabara ya kale iliyopita milimani kutoka Tokyo hadi Kyoto, yenye miji ya nyumba za wageni walimolala wasafiri wa miguu. Bibi huyo alipofariki mwaka 2011, dada alisema lazima akaione njia hiyo. Tulidhani ni huzuni tu, itapita. Wapi!

Tangu 2012, sisi tukienda likizo Kenya, yeye alikwenda Japani, akaitembea barabara kipande kwa kipande. Kanisani kwetu Brooklyn Center wapo walionong'ona kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Hakuwajali. Katika mji wa Tsumago, asubuhi ya tatu, aliingia jikoni mwa wenyeji akaanza kuosha vyombo, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mwenye nyumba alidhani mgeni ameudhika, akainama kuomba radhi. Dada naye akainama. Waliinamiana hadi wakacheka, ndipo akapewa kitambaa akaushe vikombe.

Mwaka 2016 alipatikana na kansa. Kufikia kiangazi kilichofuata kilibaki kipande cha mwisho, Kusatsu hadi Kyoto, na nguvu zilikuwa zinaisha. Familia ikaketi kikao sebuleni kwake.

"Mum, hata stairs zinakushinda," Moraa alisema, akilia.

Nami nikamkataza mbele ya wote. Akanitazama. "Eliakim, mimi sijaomba ruhusa. Nimeomba maombi."

Basi tukaomba.

Oktoba 2017 alisafiri na Jotham, shemeji yangu ambaye huwasha gari hata kwenda kuchukua barua barabarani. Walitembea polepole, wakipumzika kila penye kivuli, na kila teksi iliyopunguza mwendo dada aliipungia mkono ipite. Kisha simu ikalia: yuko kwenye daraja la Sanjo, mwisho wa barabara. "Nimefika. Jotham yuko nyuma, anakuja." Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Sijawahi kujivunia mtu vile.

Alituaga nyumbani kwake, Ijumaa tarehe 9 Machi 2018, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, Jotham, watoto, Bravin na Moraa, wajukuu watatu, nami mdogo wake.

Njia yote ile dada alikataa kubebwa. Leo, kwa mara ya kwanza, ametukubalia. Tumbebeni kwa heshima. Mungu ampe pumziko la amani.