Ukurasa Unaonitia Hofu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu mkurugenzi wa shirika la uchapishaji, wasomaji wote mliotuheshimu kwa kuja, na wewe mwandishi, kitindamimba wa nyumba yetu: nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Nimeombwa nitoe pongezi kabla toleo la pili la kitabu chake halijaenda mitamboni, nami nitapongeza.

Mnaulizana kila siku: amewezaje kutufanya tumpende yule mtu mzima mwenye akili ya mtoto? Jibu limekaa pale mstari wa mbele, kaka yake, tunayemwita Bosi. Mdogo wangu hakuwaomba mumhurumie, hata kidogo. Aliwachekesha kwanza. Bosi anakosea vifungo vya shati, halafu ananigombeza mimi kwamba nimeshona vibaya! Kisha mkamwona jioni akipanga ndala zetu mlangoni mbilimbili, ili isiwepo itakayolala peke yake, na hapo mkawa wenyeji wa nyumba yetu. Hiyo ni kazi ya mkono hodari, nami najivunia.

Lakini, ndugu zangu, ukishamfungulia mtu mlango, je, unajua ameingia na nia gani?

Upo ukurasa unaowaliza wote. Nazungusha maneno makusudi, maana Bosi ananisikiliza. Ni pale anapoambiwa kwamba aliyetuzaa yuko nje anamngoja, naye, ingawa tulimzika pamoja, anavaa viatu na kumfuata yeyote aliyesema hivyo. Hilo halikutungwa. Ndivyo alivyo.

Juzi nilikuwa ndani napiga pasi. Mwanamume nisiyemjua, kitabu kwapani, akasimama barazani alipokaa Bosi na kumwambia maneno yale yale. Nilipotoka nikakuta kiti kitupu. Nikaiacha pasi juu ya gauni la mteja, nikakimbia nikiita kama mwendawazimu. Niliwakuta ng'ambo ya barabara kuu, Bosi ameshikwa mkono, anatabasamu.

"Usikasirike, dada," yule mtu akaniambia. "Nilitaka tu kuona kama ni kweli. Nampenda sana huyu."

Huyo alitaka kuona tu. Atakayekuja kesho atataka nini?

Nilimwambia mdogo wangu, "Ufute ukurasa ule." Akanijibu, "Dada, pale ndipo msomaji anapolia. Nikiutoa, kitabu kimekufa." Sawa, mambo hayo unayajua wewe. Lakini ukienda kupokea tuzo, anayebaki na Bosi ni mimi, na mimi naogopa. Naogopa kila anayebisha hodi, hata wateja wangu wa siku zote. Ndugu mkurugenzi, nakuomba mbele ya mashahidi hawa: mitambo isiwashwe kabla ukurasa ule haujatoka. Vilivyokwisha kuuzwa, basi tena, maji yakimwagika hayazoleki.

Nimebadilisha kitasa, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Jana Bosi alikaa sakafuni mbele ya mlango, akaniuliza bila hasira, nami nalirudia swali lake kwa sauti ya chini asilisikie: "Dada, umefunga. Sasa Mama akija ataingiaje?"

Mdogo wangu, mwenye maneno katika nyumba yetu ni wewe. Nisaidie, nimwambie nini?

Asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza.