Michoro Ishirini na Sita ya Ukuta wa Bwalo

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, sababu ya kuketi uwanjani wakati bwalo lipo mtaisikia humu humu katika wasifu huu, na anayesoma kwa niaba ya familia ni mdogo wa marehemu, fundi mwashi, mnayemfahamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, ambako alichapwa viboko kwa kumchora mwalimu mkuu kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi, na mdogo wake, aliyemshikia mkaa, akanusurika kwa kuwa kaka hakumtaja. Alihitimu chuo cha ualimu tarehe 28 Novemba 1980, na tarehe 5 Januari 1981 akaanza kufundisha sanaa katika shule hii mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kahawia, kwa sababu mwaka mzima wa kwanza aliwataka wachore kwa kahawia peke yake, nzito penye kivuli, iliyozimuliwa maji penye mwanga hafifu, na penye mwanga mkali waiache karatasi tupu, akisema rangi nyingi humpumbaza mtu akadhani ameona. Walimtania kwamba rangi nyingine zilimkimbia, akacheka nao, lakini hakulegeza kamba.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyevumilia madoa ya kahawia kwenye kila shati, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni dereva.

Bwalo hili alilijenga mdogo wake mwaka 1998. Kuanzia mwaka uliofuata, kila Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, jua la dirishani linapoumulika ule ukuta mrefu kwa ubavu, marehemu aliketi pale pale na kuuchora kwa kahawia, na mwaka 2015 akaona karibu na nguzo ya tatu kivuli chembamba ambacho hakikuwepo, akamwambia mdogo wake taratibu, wakiwa wawili tu, kwamba ukuta umeanza kuota kitambi. Mdogo wake alipandwa na hasira, akamjibu kwamba brashi haijengi nyumba, akapiga plasta, akapaka chokaa, akampa kaka yake kisogo kwa miaka saba. Ukweli ni kwamba alijua, maana mwaka ule wa ujenzi nondo zilichelewa, naye, akiwa na haraka ya kuezeka kabla ya mvua, alizipunguza. Marehemu aliuandikia uongozi wa shule barua tatu, akajibiwa kwamba fundi ameshakagua.

Alianza kuugua mapafu Agosti 2022, mdogo wake akaenda kumwona, wakapatana bila kuutaja ukuta. Tarehe 5 Februari mwaka huu wa 2024 aliomba apelekwe bwaloni kwa kiti cha magurudumu, akachora mara ya mwisho, kisha akamkabidhi mdogo wake bahasha yenye michoro yote ishirini na sita, naye akaisukuma chini ya kitanda. Aliaga dunia hospitalini Jumatatu tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri.

Jana Jumatano, akitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, mdogo wake aliifungua bahasha ile, akaipanga michoro sakafuni mwaka kwa mwaka, akaona kivuli kikinenepa kutoka uzi hadi kiganja, akachukua timazi na kuja hapa mbio, akakuta ukuta umeinama vidole vinne, na wanafunzi walikuwa wamekula humo mchana huo huo. Aliogopa, na bado anaogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliopokezana kumuuguza, walimu wenzake, na mwalimu mkuu aliyekubali kulifunga bwalo. Mwaka ule ule wa 1998, kwa nondo pungufu vile vile, mdogo wake alijenga pia zahanati na nyumba nne, wenye nyumba hizo mmeketi hapa, baadhi yenu na watoto mapajani, na anawaomba leo msirudi ndani, atapita kila mlango mara baada ya maziko.

Kaka, kosa ni langu, pumzika kwa amani.