Maisha ya Baba Yetu Aliyeishika Wiki ya Kimya

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 10 Novemba 2019, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, walikuwapo mke wa marehemu, binti yake, mwanawe, mkwe wake akiwa na mtoto mgongoni, dereva mstaafu aliyemwendesha miaka kumi na tisa, muuguzi wa zamu, na mdogo wake mbunge, aliyekuwa amekaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa viwili na alikataa kumwinua mtu. Hao ndio waliomwona baba yetu akivuta pumzi ya mwisho, saa mbili na dakika kumi, na wameomba historia yake isomwe bila kuficha kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Aprili 1960, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mama mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mdogo wake alizaliwa miaka mitatu baadaye, wakalala kitanda kimoja mpaka miguu ilipoanza kutokeza nje ya shuka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, sekondari hadi 1979, akamaliza masomo ya uchumi chuo kikuu mwaka 1983, na muda wote huo mama yao alishona sare za watoto wa watu ili hawa wake wawili wasikose za kwao.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa Benki Kuu, karani wa takwimu, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni moja iliyokuwa ikilia kuliko kuzunguka. Mwaka 1992 waziri mmoja alipiga simu akataka noti zichapwe kulipia ahadi za uchaguzi, zikachapwa, na kufikia mwisho wa mwaka pensheni ya baba yao ya mwezi mzima ilikuwa ikinunua sabuni na chumvi tu. Tangu hapo marehemu aliapa kwamba benki ikiendeshwa kwa simu za wakubwa, wanaoumia ni wazee kama baba yake, na alipoingia Kamati ya Riba mwaka 2008, akawa mmoja wa watu saba wanaopanga riba ambayo mabenki mengine yote huifuata, aliishika sheria ya wiki ya kimya kuliko wenzake wote. Sheria hiyo humkataza mjumbe, siku saba kabla ya kikao, kuzungumzia riba na mwanasiasa, mfanyabiashara au mwandishi wa habari, lakini yeye aliizidisha, wiki hiyo hata salamu ya mdogo wake hakuipokea, watu wasije wakasema.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa binti na mwana, na wajukuu wanne. Mdogo wake alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 2010, chakula cha Jumapili kikawa na kelele. Mwaka 2013 riba ilipanda, kiwanda cha viatu jimboni kwake kikashindwa kulipa mkopo kikafungwa, wafanyakazi wakamjia wakiuliza ni nani aliwachagua hawa watu saba, naye akawa analipeleka swali hilo kwa kaka yake mezani, akimwita kwa jina la utani alilompa, "Kufuli, wewe nani alikupigia kura?" Kaka naye humjibu, "Mheshimiwa, wewe ukizitaka kura unaahidi hata mvua." Mama yao alikuwa akigonga sahani kwa kijiko, akisema benki na bunge zitoke nje, watoto wana njaa.

Jumatano, tarehe 13 Julai 2016, mama huyo alianguka nyumbani kwake. Ilikuwa wiki ya kimya, simu ya marehemu ilikuwa imezimwa, imelala kwenye droo, na mkewe alikuwa kwa binti yao aliyejifungua. Mdogo wake alipiga mara kumi na moja, akaja mwenyewe getini, na kwa kuwa habari kama ile haipitishwi kwa mlinzi, alisema tu kwamba ana jambo la haraka. Marehemu alijibu kutoka ndani kwamba mambo ya wanasiasa yote ni ya haraka, asifunguliwe. Kesho yake alipotoka kwenye kikao akawasha simu, mama alikuwa amefariki tangu alfajiri, akimtaja mwanawe huyo.

Walimzika wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kaburi, wakaacha kusemeshana. Mdogo wake akapeleka bungeni muswada wa kumpa waziri mamlaka ya kuiamuru benki, na tarehe 6 Machi 2018 marehemu aliitwa mbele ya kamati ya fedha ya bunge, mwenyekiti akiwa mdogo wake huyo. Aliulizwa swali moja, "Mkikosea nyinyi, mwananchi akagonge mlango gani?" Alijibu kwamba mlango huo haupo, na ni kosa, akasema na yeye aliwahi kumfungia mtu aliyestahili kuingia. Hata hivyo alishikilia kwamba funguo asipewe waziri. Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika kumi, na mhudumu mmoja wa pale alitusimulia kwamba maji aliyokunywa marehemu siku ile yaliletwa na mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe, akaweka glasi, akaondoka.

Januari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mdogo wake alianza kuja hospitali kila siku saa kumi, na siku marehemu alipomwomba msamaha kuhusu lile geti, mdogo wake, wembe mkononi, alilia kidogo, akamwambia, "Geuka, nikunyoe upande wa pili." Kuanzia hapo waliuandika muswada upya nyuma ya karatasi za maelezo ya dawa, wakifuta kipengele cha waziri, wakiweka kwamba kamati ifike bungeni kila miezi mitatu ieleze sababu zake hadharani, na walibishana mpaka muuguzi akawaambia wagonjwa wengine hawakulazwa kwa ajili ya riba.

Familia inamshukuru daktari, aliyekuwa akivuta kiti akakaa kila alipokuwa na habari mbaya, muuguzi aliyepasha maji ya kumwogeshea, majirani waliopokezana kupeleka wajukuu shule, na wafanyakazi wenzake waliomaliza ripoti yake wakaacha jina lake juu. Mlinzi wa getini alikuja kuomba radhi. Tunamwambia mbele yenu nyote kwamba hana kosa.

Baba, umechoka, pumzika sasa, amani iwe nawe.

Muswada ulipigiwa kura juzi Jumanne, ukapita kama walivyouandika, na mdogo wake hakuwapo ukumbini, alikuwa chumba cha maiti akimvalisha kaka yake soksi.