Mwalimu Ngazi na Kiti cha Pili Kutoka Mlangoni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wanafunzi wake wa zamani mliojaa mpaka nje ya hema, poleni na asanteni kwa kuja. Tumewaona mlipokuwa mnafika. Wale mliowahi kula nyumbani kwa marehemu mlisita kidogo kabla ya kukaa, mkaangaliana, kila mmoja akijiuliza amtangulie nani. Kaeni tu popote. Leo hakuna wa kutupanga, na hilo ndilo linalotuuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1948, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mkewe muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mkunga alipokiona kichwa cha mtoto alisema huyu atakuwa msomi au atakuwa mbishi. Waliomfahamu watakubali kwamba mkunga yule alipata yote mawili.

Alianza shule mwaka 1956 na akawa wa kwanza darasani mwaka hadi mwaka, mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 1963. Alichaguliwa kwenda sekondari. Sare ilikuwa imeshashonwa na kupigwa pasi, inaning'inia ukutani, ndipo baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga. Nyumbani akahitajika mtu wa kuleta chochote, haraka. Badala ya sekondari, marehemu akaenda chuo cha ualimu, kwa kuwa huko mwanafunzi alilishwa na kupewa posho, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1965 na cheti chake cha ualimu. Sare ile akaivaa mdogo wake. Hakupenda kulizungumza jambo hili, lakini lilimkaa rohoni maisha yake yote, na asiyelijua hataelewa mengi ya yanayofuata.

Alifundisha hesabu kuanzia Januari 1966 hadi alipostaafu mwaka 2003 akiwa mwalimu mkuu. Kila siku ya kwanza ya mwaka, kabla ya kufundisha chochote, alichora ngazi ubaoni: chini shule ya msingi, juu yake sekondari, kisha stashahada, shahada, uzamili, na juu kabisa, kwa chaki ya rangi, uzamivu. Aliwaambia watoto kwamba akili ya mtu inajulikana kwa ngazi aliyofika. Ndipo wakamwita Mwalimu Ngazi, na jina likamganda. Siku moja mtoto mmoja mtundu alimwuliza yeye mwenyewe yuko ngazi ya ngapi. Darasa zima likangoja fimbo. Mwalimu akaigusa ngazi ya chini chini pale, akasema, "Mimi niko hapa. Ndiyo maana nawasukuma kwa nyuma."

Na kweli alisukuma. Waliopanda ni wengi, na baadhi yao wamo humu wamevaa tai. Alikuwa pia ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu wa mtaa mzima, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Kila alipoandika, watoto wa aliyefariki aliwapanga kwa elimu, daktari kwanza, mwenye darasa la saba mwisho, hata kama huyo wa mwisho ndiye aliyemuuguza mzazi.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo ambaye shule aliiacha darasa la nne. Walikutana kwa sababu ya suruali. Aliipeleka kurekebishwa, akairudisha kwamba kiuno kinabana, akairudisha tena kwamba kimelegea. Alipoileta tena bila kasoro yoyote, binti alimwambia akitaka kuja kuzungumza aje tu, suruali aiache ipumzike. Ngazi siku hiyo hakuikumbuka. Mungu aliwajalia watoto wanne, ambao tutawataja hapa kwa kazi zao kama wanavyotaniwa nyumbani: Daktari, ambaye ni daktari wa udongo na hawezi kumtibu mtu hata mafua, Wakili, Mhasibu, na kitindamimba wao wa kike, Kinyozi.

Sasa tuseme habari ya meza. Ilikuwa meza mbili zilizounganishwa, moja ikiizidi nyingine kimo kidogo, kwa hiyo mchuzi ulipenda kumwagika pale kwenye kiungo. Kila Jumapili mchana familia yote ilikula hapo, na kila mtu alikuwa na kiti chake kwa kadiri ya elimu. Mwenye nyingi alikaa chini ya saa ya ukutani, mwenye kidogo alikaa karibu na mlango wa jikoni. Mama alikuwa wa mwisho, mlangoni kabisa, na alisema angekaa pale hata kama angekuwa profesa, maana sufuria haziji zenyewe. Mwanzoni Mwalimu ndiye aliyekaa chini ya saa. Mwaka 1997 Daktari alipopata shahada yake ya kwanza, Mwalimu aliinuka, akachukua sahani na kikombe chake, akashuka kiti kimoja. Wakili alipohitimu akashuka tena. Mhasibu naye akamshusha. Wengine wangeona haya, yeye alikuwa akishuka uso unang'aa, na majirani aliwaambia, "Wiki hii nimeshushwa tena."

Aliyebaki chini yake, ukimwacha Mama, ni Kinyozi peke yake. Huyu alianguka mtihani wa kidato cha nne. Baba akamrudisha darasani mwaka mzima, akamfundisha hesabu yeye mwenyewe jioni, wote wawili wakitoka mezani macho mekundu. Matokeo yaliporudi yalikuwa yale yale. Binti akaanza kunyoa watu kwenye baraza la duka la mama yake, na kabla ya muda mrefu akawa na chumba chake chenye vioo viwili na benchi ambalo halikosi watu. Alikuwa na mkono mwepesi, na alijua kunyamaza na mteja aliyefiwa na kumchekesha aliyefukuzwa kazi. Baba yake alinyolewa naye kila mwezi na alikisifu kichwa chake kila kona. Kiti, hata hivyo, kilibaki kilekile. Watu walipomwuliza huyu mdogo anafanya nini, Mwalimu alijibu, "Bado anajitafuta," ilhali mwenzake alishajipata siku nyingi.

Mwaka 2009 Daktari alipata uzamivu wake. Nyumba ilifurika. Wakaja wakwe, wakaja wahadhiri, kila mmoja na shahada yake. Mwalimu alizunguka meza akipanga, akasogeza, akapanga upya, na viti vikawa pungufu kwa mtu mmoja. Mama hakuguswa, kwani hata Mwalimu ujasiri wake ulikuwa na mpaka. Akamwendea Kinyozi, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, leo utatusamehe, jisitiri huko jikoni." Asubuhi ile ile Kinyozi ndiye aliyemnyoa kaka yake akapendeza vile kwenye picha. Alikula kwenye kigoda karibu na gunia la mkaa, akaosha sahani yake, akaifuta, akamuaga mama yake na kutokea mlango wa nyuma. Mezani walikuwa wanapiga makofi, hakuna aliyemwona akiondoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Alituma salamu kwamba wateja ni wengi, na Mama akazipokea salamu hizo bila kuuliza wateja gani wa Jumapili mchana. Kiti chake kilikuwa kati ya baba na mama, kwa hiyo kila Mwalimu alipompa mkewe bakuli, mkono wake ulipita juu ya kiti kitupu. Alikula huku akikitazama. Jumapili moja akasema, kama anayejitetea mbele ya hakimu, kwamba yeye alipanga kwa haki. Mama akaliweka bakuli chini.

"Hesabu yako ilitoka, Mwalimu," alisema. "Ila mtoto amebaki nje."

Mwalimu akaacha nywele ziote. Kwa binti yake aliona aibu kwenda, na kinyozi mwingine hakutaka amguse. Mtu aliyewarudisha watoto nyumbani kwa sababu ya nywele ndefu akaanza kupita mtaani na kichwa kama kichaka, watu wakimwuliza kama anaumwa. Alisema ni baridi. Kulikuwa na joto la kutisha.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alikwenda. Aliingia, akasalimia, akakaa mwisho wa benchi kama mteja yeyote. Kinyozi alimwona kwenye kioo, akaendelea na kazi. Punde akaingia meneja wa benki, mwanafunzi wake wa zamani, na Mwalimu kwa mazoea akainuka kumpisha kwenye zamu yake. Mashine haikuzimwa. Kinyozi alisema tu, "Baba, kaa. Hapa zamu ni ya aliyetangulia." Meneja mwenyewe alikuwa ameshakaa nyuma yake, anacheka na mchukuzi wa sokoni aliyekuwa akisimulia jambo. Mwalimu akakaa. Baadaye alituambia kwamba pale kwenye benchi alifumba macho akasikiliza mazungumzo, akajaribu kukisia kwa sauti na hoja kila mmoja amefika ngazi ipi. Alipofumbua akaona amekosa karibu wote. Alisema hajawahi kupata alama mbaya vile tangu azaliwe.

Zamu yake ikafika. Kinyozi akamfunika kitambaa, akamwuliza anataka mtindo gani. Kama zamani, alijibu. Nywele zikaanza kuanguka, na ilipofika mashine nyuma ya sikio, Mwalimu akasema amekuja kumwomba arudi mezani.

"Nikae wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Kiti chako kipande juu. Mimi nitakaa kati yako na mama yako."

"Chini yangu? Kwa cheti gani?"

Mwalimu alimtazama kwenye kioo. "Mwalimu akiharibu kazi hushushwa daraja," alisema. "Nimejishusha."

Kinyozi akaizima mashine. Wateja wa siku ile wanasema alisimama ameiweka mikono yote miwili juu ya kile kichwa kilichonyolewa nusu, machozi yakimdondokea baba yake utosini, na mwenye zamu iliyofuata hakuthubutu kukohoa. Kisha akamalizia kazi, maana Mwalimu asingeweza kwenda nyumbani vile.

Jumapili iliyofuata Kinyozi alirudi mezani. Tangu hapo marehemu alikaa kiti cha pili kutoka mlangoni, wageni waje wasije. Daktari, ambaye moyo wake ni laini kuliko udongo anaoupima, alimsihi mara nyingi arudi chini ya saa. Jibu lake lilikuwa moja: "Huku chakula kinafika kikiwa moto." Hakuacha kuamini shule, mtu asije akatoka hapa na habari za uongo. Wajukuu aliwafundisha hesabu mpaka wakajificha chini ya kitanda. Aliwaambia wasome, kwa sababu kuna kazi ambazo bila cheti mtu hazikaribii, na kwamba Daktari alisota kwa ajili ya cheo chake na anakistahili. Lakini ile ngazi hakuichora tena. Na watu walipomwuliza mdogo anafanya nini, alisema, "Ni kinyozi," akainamisha kichwa waone.

Mwezi Juni 2022 alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia na kumfanya apate maneno kwa taabu. Alitibiwa hospitalini, kisha akauguzwa nyumbani na mkewe na watoto wote kwa zamu, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Kinyozi alimnyoa kitandani. Siku moja wakiwa wote chumbani, Daktari ameshika mkono wake na Kinyozi anamfuta shingo, Mwalimu alianza kuzungumza habari ya wasifu wake. Walimsihi aache, akakataa kuacha, kama kawaida yake. Alitafuta maneno muda mrefu.

"Mkiandika watoto," alisema, "anzeni mlangoni."

Daktari akasema, "Sawa, Baba."

Alitutoka asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Kinyozi alimnyoa kwa mara ya mwisho siku hiyo hiyo, na hakutaka kusaidiwa.

Kwa agizo lake, tunawataja aliowaacha kuanzia mlangoni. Ameacha mjane wake, mshonaji. Kiti kinachofuata ni chake mwenyewe, tunakiruka. Ameacha binti yake, Kinyozi. Ameacha mwanawe, Mhasibu. Ameacha binti yake, Wakili. Ameacha mwanawe wa kwanza, Daktari, ambaye ndiye aliyeandika orodha hii kwa mkono wake na kujiweka mwisho. Ameacha pia wakwe, wajukuu, mdogo wake aliyevaa ile sare, na wanafunzi ambao yeye peke yake ndiye angeweza kuwahesabu.

Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu, upande ule ambako chakula kinafika kikiwa moto.