Bi Niambie na Barakoa Zenye Dirisha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko na mteja, mwombe akae kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona sura, lakini sauti yake mnaijua. Ule mwaka wa barakoa, simu yako ililia, ukapokea, na kabla hujamaliza kusema haloo ukasikia, "Niambie!" Basi ndiye huyo. Ndiye Bi Niambie. Ametutoka wiki iliyopita, na Jumamosi tumemzika.

Bi Niambie alikuwa mratibu wa mfuko wa dharura. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: mratibu wa mfuko wa dharura. Mfuko ule ulipokea fedha za wafadhili na kuzigawa kwa vikundi vya jamii na mashirika madogo ya hisani wakati wa janga. Zilikuwa ruzuku, si mkopo. Ukipewa hurudishi, unachapa kazi. Kulikuwa na waliopikia wazee waliofungiwa ndani. Kulikuwa na waliopeleka dawa kwa baiskeli. Kulikuwa na waliolea watoto wa wauguzi. Kama kikundi chako kilivuka mwaka ule kikiwa hai, huenda kilipita kwenye sikio la mama huyu.

Nimesema sikio, na nimesema kwa makusudi. Kabla ya janga, kuomba ruzuku kulikuwa shughuli pevu. Karatasi, mihuri, vikao juu ya vikao. Mpaka jibu litoke, umeshasahau uliomba nini. Janga lilipoingia, Bi Niambie aliwaendea wakubwa wake akawaambia, "Watu hawana chakula leo, sisi tukutane mwezi ujao? Haiwezekani. Nipeni simu." Wakampa simu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kikundi kinatuma ujumbe mfupi kueleza kazi yake. Kisha yeye anapiga, saa za kazi, bila kutoa taarifa. Anasema, "Nipeleke hapo mnapofanyia kazi. Wewe usiongee, niache nisikilize." Basi anasikiliza. Sufuria zinagongana. Watoto wanapiga kelele. Pampu ya baiskeli inapuliza, fuu, fuu, fuu. Akiisikia kazi, anapitisha jina, na fedha zinatoka haraka. Asipoisikia, pole, jaribu pengine. Alikuwa na sababu. Matapeli walikuwa wengi mwaka ule, vikundi vya hewa vikizaliwa kila kukicha, na kila shilingi aliyompa tapeli ilitoka kwenye sahani ya mzee fulani.

Ofisi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alifanyia kazi chumbani kwake. Meza ya kulia chakula walikuwa wameiteka watoto kwa masomo yao, yeye akaweka karatasi zake kwenye ubao wa kupigia pasi. Mume wake ni fundi wa mafriji, na mwaka ule hakuna aliyetaka fundi aingie nyumbani kwake. Alikuwa anashinda hapo hapo. Nilipomtembelea juzi aliniambia, "Mke wangu akiwa kwenye simu, hata kijiko tulikuwa tunakoroga kwa adabu. Nilimwambia, mama watoto, umeolewa na ile simu, mimi nimebaki mpangaji." Akacheka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Siku moja uliingia ujumbe kutoka kwa kikundi cha mafundi cherehani. Uliandikwa hivi: sisi tunashona barakoa zenye dirisha, tunaomba msaada wa kitambaa, plastiki na kodi ya chumba. Bi Niambie akausoma mara mbili. Barakoa zenye dirisha? Akamwita mumewe. "Baba watoto, njoo uone vituko. Hawa wanashona barakoa zenye dirisha. Bado mlango na kufuli." Wakacheka. Hata hivyo akapiga simu, maana alikuwa mtu wa haki.

Akapokea mwanamke. Bi Niambie akamwambia ampeleke kwenye kazi. Yule mwanamke akaingia ndani na simu. Kimya. Bi Niambie akasubiri. Kimya. Akauliza, "Hapo kuna watu?"

"Wapo wengi tu, dada. Tena leo wana kikao."

"Wanafanya nini?"

"Wanabishana, dada! Wanabishana kweli kweli, kuhusu kodi. Mwenye nyumba anataka kutufungia chumba."

Bi Niambie akakaza sikio. Hakuna hata kikohozi. Basi hasira zikampanda. Akasema, "Dada, nimesikia uongo mwingi mwaka huu, lakini watu wa kubishana kimya kimya ndiyo kwanza. Acheni utani, wenzenu wana njaa." Akakata simu.

Wasikilizaji wapendwa, najua wengine mmeshaelewa. Yeye hakuelewa. Wale mafundi cherehani walikuwa viziwi. Narudia: kikundi kile kilikuwa cha mafundi viziwi. Walibishana kwa mikono. Aliyepokea simu ni wifi ya mwenyekiti wao, yeye anasikia, anauza nyanya jirani na karakana, na ndiye mkalimani wao. Hakusema kwamba wenzake ni viziwi kwa sababu amekaa nao miaka mingi mpaka kwake ni jambo la kawaida, hata halitajwi. Alidhani mfuko unajua. Simu ilipokatwa, ilibidi ageuke na kuwatafsiria watu waliokuwa wanamkodolea macho. Akawaambia kwa mikono: wamesema tunafanya utani.

Mwenyekiti wa kikundi hicho yuko nami hapa studio. Ni mama wa makamo, na kwenye kola yake kuna pini za kushonea ambazo nadhani amesahau kuzitoa. Wifi yake ameketi mbele yake na anamtafsiria kila ninachosema. Nimemuuliza siku ile alijisikiaje. Akajibu kwa mikono, na wifi yake akaniambia: "Anasema alitamani kuuza cherehani zote. Anasema kukosa fedha wameshazoea. Kuitwa waongo hapana, hilo liliwachoma."

Na kilichokuwa hatarini hakikuwa chumba peke yake. Fikiri kidogo. Kiziwi anatazama midomo ya mtu ili apate anachosema. Mwaka ule midomo yote ilifunikwa. Ilifunikwa dukani, benki, na zahanati. Kwa wenzetu hao, dunia nzima ilifunga mdomo ndani ya siku moja. Ndiyo maana walishona barakoa yenye kipande cha plastiki angavu mbele ya mdomo, ili midomo ionekane. Hilo ndilo dirisha lao. Chumba kikifungwa, barakoa zile hazishonwi tena.

Mchana ule, binti mkubwa wa Bi Niambie alirudi kutoka kazini. Binti huyo ni muuguzi. Alikula bila kuongea, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa la kawaida. Mama yake akamwambia, "Niambie." Binti akasema, "Mama, leo nimemliza mama mjamzito. Ni kiziwi. Nilikuwa namweleza habari za shinikizo la damu, tena za muhimu, yeye ananinyooshea kidole mdomoni. Alitaka nivue barakoa. Nikamwonyesha kwamba hairuhusiwi. Akatoka analia, na mimi sijui kama alielewa hata neno moja."

Fundi anasema mkewe aliacha kutafuna. Akaweka kijiko chini. "Nilimwona uso unabadilika," ananiambia. "Akasema, dirisha. Kisha akasema, Mungu wangu, wale watu. Nikamuuliza watu gani? Alikuwa ameshavaa viatu."

Alikwenda mwenyewe. Kazi yake ilikuwa ya simu, na kutoka nje mwaka ule hakukuwa jambo dogo, lakini alikwenda. Akaikuta karakana. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaomba msamaha. Bi Niambie alikuwa hodari wa maneno, na siku ile aliomba msamaha kwa kirefu. Alisema amewadhulumu. Alisema ameona aibu. Alisema mengi, mpaka machozi yakamtoka.

Hakuna aliyemwelewa. Alikuwa amevaa barakoa!

Mwenyekiti anacheka hapa nikisimulia. Anasema walimwona mwanamke mgeni, macho yamelowa, shavu linapanda na kushuka chini ya kitambaa, wakadhani amefiwa. Wifi mtu hakuwapo, alikuwa kwenye nyanya zake. Mwenyekiti akachukua barakoa moja mpya mezani, ile yenye dirisha, akampa. Bi Niambie akageukia ukutani, akabadilisha, akarudi. Akaanza kuomba msamaha upya, tangu mwanzo, polepole, midomo ikionekana. Alipomaliza, wifi akawa amefika mbio, na mwenyekiti akamtuma ujumbe: "Mwambie asirudie mara ya tatu. Tumeelewa. Akae, anywe chai."

Fedha zilitoka. Kodi ikalipwa, plastiki ikanunuliwa, cherehani zikanguruma. Nasema zikanguruma, na waliozisikia ni majirani. Barakoa za dirisha zikafika zahanati anakofanya kazi binti yake. Yule mama mjamzito alitafutwa, akaelezwa upya, safari hii akiitazama midomo ya muuguzi. Alijifungua salama. Narudia hili kwa furaha: alijifungua salama.

Na Bi Niambie alibadilika. Aliwaambia wakubwa wake waziwazi, "Nilijisifia masikio. Kumbe masikio peke yake hayatoshi." Tangu siku hiyo, kikundi asichokisikia alikitembelea. Na mwenyekiti huyu huyu akaingizwa kwenye kamati ya kugawa ruzuku. Ilikuwa vigumu kumdanganya, wasikilizaji. Aliwatazama waombaji usoni, na aliona mengi ambayo wenzake walikuwa wanayakosa wakiandika kumbukumbu za kikao.

Kila Jumamosi Bi Niambie alijifunza lugha ya alama pale karakana. Tuseme ukweli, marehemu hatasikitika: alikuwa mwanafunzi mbovu. Vidole vilikuwa vizito. Siku moja alitaka kuwauliza hawajambo na watoto, kumbe amewauliza hawajambo na vijiko. Walimcheka mpaka kazi ikasimama. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi.

Mwaka jana akapata uvimbe kooni. Madaktari walifanya waliloweza. Waliutoa uvimbe, na sauti ikaenda nao. Sauti ile mnayoijua, wasikilizaji wapendwa, ikazimika.

Fundi ameniambia hivi: "Miaka yote nilimwomba apunguze simu. Kimya kilipokuja, nikakiona kikubwa kuliko nyumba. Mkono wake ulikuwa hauna nguvu ya kuandika. Alikuwa anachezesha midomo tu, na mimi ni fundi wa mafriji, nitajuaje? Anataka maji, namletea mto. Anataka mto, namwita daktari."

Habari zikafika karakana. Siku iliyofuata, saa za kuona wagonjwa, mwenyekiti akaja na wifi yake. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kitanda, akamtazama mgonjwa mdomoni. Midomo ikacheza. Mwenyekiti akageuka, mikono ikaenda. Wifi akasema kwa sauti: "Anasema huyu mume wangu ananinywesha maji kila siku, na mimi nilitaka dirisha lifunguliwe." Wodi nzima ikacheka. Fundi anasema hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa raha ya kugombezwa na mkewe.

Walikuja kila siku mpaka mwisho. Mwenyekiti asipoweza, alikuja fundi mwingine wa karakana. Mama yule hakukaa hata siku moja bila mtu wa kumwelewa.

Siku ya mwisho, fundi alikuwa anamsimulia habari za mteja wake. Kijana mmoja alimwita kwa hasira, eti friji haipoozi. "Nikafika, nikafungua mlango," fundi akasema, halafu akanyamaza. Mkewe alikuwa amefumba macho. Akaona anaongea peke yake.

Midomo ikacheza kidogo. Mwenyekiti akainama karibu. Wifi akasema, "Anasema, umefungua mlango. Ndani kulikuwa na nini?"

"Mashati," fundi akamwambia. "Mashati yamekunjwa, yamepigwa pasi, eti anayaficha panya wasiyale." Mabega ya mkewe yalitikisika. Alicheka bila sauti, lakini alicheka. Jioni ile akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba ya kila kikundi kilichopokea simu yake, natoa pole kwa fundi, kwa binti yake muuguzi, na kwa wadogo zake wote. Asanteni kwa kutuazima mama yenu. Kwetu sote tuliobaki, tujiulize: ni nani tulimkatia simu kwa sababu hatukumwelewa, na tunaweza kumpata leo?

Nilitaka kufunga hapa, lakini mwenyekiti amenyoosha mkono. Ana salamu kwa fundi, ambaye najua anatusikiliza. Haya, wifi, msemee.

"Anasema hivi, shemeji. Siku ukiwa na habari za mafriji na huna wa kumsimulia, njoo karakana. Hatusikii, lakini tutakutazama mdomoni mpaka umalize."