Ngoma Iliyonguruma Kama Mto

Amahoro yenu, ndugu zangu! Yesu apewe sifa! Mnivumilie, shule niliiacha mapema, na maneno yangu hupenda kuzunguka.

Zamani tulikaa kule chini Rumonge, karibu na ziwa. Nyumba ilinukia mawese na ndagala walioanikwa mchangani. Ah, kule! Mvua ikinyesha juu ya mabati, nililala kama mutoto, mpaka mke wangu Domitila aniamshe na mwiko. Na Jumapili mimi ndiye nilipiga ngoma ya kanisa. Hata wavuvi waliisikia majini.

Siku moja mchana mto ukashuka kutoka milimani na mawe yake. Ndugu zangu, yale mawe yalinguruma ndani ya maji, ndu, ndu, ndu! Tukakimbia na nguo za mwilini. Nyumba ikaenda. Watu, Mungu asifiwe, tulipona wote.

Masikio yangu ndiyo hayakupona. Tulihamia juu, mbali na maji, lakini nililala na viatu. Kamiyo ikipita barabarani na mzigo wake, ikinguruma, niko nje! Kanisani pasta anahubiri, mimi nasikiliza milima. Jumapili moja waliipiga ngoma, nami nikapaza sauti: "Maji!" Kanisa zima likatoka mbio, pasta mbele! Mpaka leo wanamtania. Lakini mimi nikaona haya, nikaacha kwenda. Hilo lilinivunja, ndugu zangu: kuiogopa nyumba ya Mungu.

Domitila aliomba sana. Halafu siku moja akarudi na ngoma ya kanisa mgongoni, kaifunga na kitenge kama mutoto.

"Muzee, piga."

"Unataka nife?"

"Ungekufa mutoni. Piga moja tu. Ule mto ulinguruma bila kukuuliza. Hii utaianzisha wewe, utainyamazisha wewe."

Nikapiga. Moyo ukaruka. Nikaweka kiganja juu ya ngozi, ikanyamaza. Haleluya, ikanyamaza! Nikapiga tena, nikacheka, nikalia.

Nikarudi kanisani. Mvua ikatukuta katikati ya ibada, watu wakaanza kutazama mlango. Nikaomba ngoma. Tukaimba mpaka mvua ikachoka.

Siwadanganyi, bado nashtuka. Lakini siku hizi mukono unatafuta ngoma kabla miguu haijatafuta mlango. Ni Yesu huyo! Wewe ambaye bado unalala na viatu, mtegemee. Jumapili njoo ukae upande wangu, karibu na ngoma. Mvua ikianza, nitakuachia upige wa kwanza. Murakoze, asanteni.